Mizani inapima uzito, haipimi kamba

MSAFIRI anayetoka Kahama kwenda Rusumo alfajiri hukutana na mambo matatu barabarani kabla hajakutana na askari wa kwanza. La kwanza ni matawi mabichi yaliyotupwa katikati ya njia, ishara kwamba mbele kuna lori limeharibika. La pili ni mawe makubwa yaliyobaki mahali lori lilipokuwa limesimama. Utingo aliyaweka nyuma ya matairi ili gari lisirudi nyuma, gari likatengenezwa, likaondoka, mawe yakabaki. La tatu ni vipande vya matairi, turubai lililochanika, na mara nyingine gunia lililopasuka ambalo punje zake zimeshaanza kuliwa na ndege.

Madereva wa njia hiyo wameyazoea mambo hayo, na mazoea hayo ni sehemu ya tatizo. Hakuna anayesimama kuuliza gunia lile lilikuwa la nani, lilidondokaje, na nani alikuwa nyuma ya lori wakati linadondoka. Hali ni hiyohiyo kati ya Mombasa na Malaba, kati ya Arusha na Namanga, na kati ya Mbeya na Tunduma. Bidhaa za ukanda huu zinasafiri kwa barabara, na sehemu ya bidhaa hizo haifiki kwa sababu haikufungwa vizuri. Nyingine haifiki kwa sababu gurudumu lililoibeba lilichomoka njiani.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani, jambo hili si la trafiki peke yao. Ni la mtaji wake, ni la maisha yake mwenyewe pale anapopanda juu ya mzigo, na ni la maisha ya watu ambao hawana hisa yoyote katika biashara yake: mtoto anayekwenda shule kando ya barabara, mwendesha bodaboda, abiria wa basi linalokuja upande wa pili.

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimefanya kazi kubwa kuhusu uzito wa magari. Sheria ya Jumuiya ya udhibiti wa uzito wa magari imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari lenye ekseli saba, na kikomo cha kila ekseli au kundi la ekseli. Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, na malalamiko ya wasafirishaji wakati ule hayajasahaulika. Leo lori linalotoka Bandari ya Dar es Salaam kwenda Rusumo linapita mizani ya Vigwaza, Mikese, Njuki, Mwendakulima na Nyakahura. Linalotoka Mombasa linapita Mariakani, Mlolongo, Gilgil na Webuye. Kila kituo kina mashine, kina watumishi, na kina karatasi ya kuthibitisha kwamba gari limepimwa.

Sheria hiyo ilitungwa kulinda barabara, na imesaidia. Lakini lori lenye tani 45, lililo chini kabisa ya kikomo, linaweza kupita mizani yote hiyo likiwa limefungwa kwa kamba iliyooza, likiwa na nati tatu tu zilizokaza kwenye gurudumu lenye bolti kumi. Mizani italipitisha kwa haki, kwa kuwa mizani iliulizwa swali moja tu: uzito ni kiasi gani?

Kuna jambo jingine ambalo madereva wanalijua na watunga sera hawalizungumzii. Gari likikutwa limezidi kwenye ekseli moja ingawa uzito wake wote uko sawa, dereva huamriwa apange upya mzigo. Hapo turubai linafunguliwa, kamba zinalegezwa, vibarua wa jirani wanaitwa, magunia yanahamishwa kutoka nyuma kwenda mbele. Baada ya hapo kila mtu ana haraka. Foleni ni ndefu, kibarua anataka hela yake, dereva anataka kuwahi. Mzigo uliofungwa kwa utulivu mjini Dar es Salaam unafungwa tena kwa dakika chache kando ya mizani, na hakuna anayepita kuukagua. Gari linatoka mizani likiwa halali kwa uzito na hatari kwa kila kitu kingine.

Gurudumu linachomokaje?

Gurudumu la lori kubwa pamoja na rimu yake lina uzito wa karibu kilo 100. Lori likiwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gurudumu hilo husafiri mita 22 kila sekunde. Likichomoka, halisimami pale lori linapofunga breki. Linaendelea na mwendo wake, linalipita lori lenyewe, linaruka mtaro, linavuka upande wa pili au linaingia kwenye genge la mama anayeuza nyanya. Aliye mbele yake hapati muda wa kukimbia.

Baada ya ajali ya namna hiyo, watu husema ni bahati mbaya. Wengine hutaja mkono wa mtu. Fundi wa karakana anajua sababu zilizo karibu zaidi. Gurudumu hushikiliwa na mkazo wa bolti unaoibana rimu kwenye habu. Mkazo huo ukipungua, rimu huanza kucheza kidogo kidogo. Ikicheza, matundu ya bolti hupanuka. Matundu yakipanuka, bolti hukatika moja baada ya nyingine, na zilizobaki haziwezi kubeba kazi ya zote.

Mkazo hupungua kwa njia zinazojulikana. Rimu ikifungwa juu ya kutu, tope au rangi nene, vitu hivyo husagika gari linapotembea na kuacha nafasi. Nati zikikazwa kwa kuruka juu ya spana yenye bomba refu, nyingine hukazwa kupita kiasi mpaka bolti inavutika, na nyingine hubaki legevu. Nati za aina tofauti zikichanganywa kwenye gurudumu moja, hazikai sawa. Beringi ikikosa grisi hupata joto, ikavunjika, na gurudumu likatoka pamoja na habu yake. Mashimo ya barabarani huongeza kila tatizo kati ya haya. Kipande cha Lusahunga hadi Rusumo, kilicholalamikiwa kwa mashimo kwa miaka mingi, kimewafundisha madereva somo hilo kwa gharama kubwa.

Kwa sababu hiyo, kanuni inayokubalika ni kwamba gurudumu likifunguliwa na kufungwa tena, nati zikazwe upya baada ya kilomita 50 hadi 100. Dereva aliyepata pancha Singida na kuzibiwa na fundi wa kando ya barabara anatakiwa asimame kabla hajafika mbali, achukue spana, azikague zote. Kazi hiyo inachukua dakika chache. Wengi hawaifanyi kwa sababu hakuna aliyewaambia, na wengine kwa sababu tajiri anapiga simu kila nusu saa kuuliza wamefika wapi.

Nchi zenye ukaguzi mkali nazo hazijaokoka. Utafiti uliofanywa Uingereza mwaka 2006 ulikadiria kwamba magari makubwa ya nchi hiyo hupoteza magurudumu kati ya mara 150 na 400 kwa mwaka. Jimbo la Ontario nchini Kanada, baada ya watu kuuawa na magurudumu ya malori, lilibadili sheria yake mwaka 1997. Tangu hapo, gurudumu la gari la biashara likichomoka barabarani, mwenye gari ana hatia. Hawezi kujitetea kwamba alikuwa mwangalifu. Faini inaanzia dola 2,000 na kufikia dola 50,000 za Kanada. Wanaofunga magurudumu ya magari hayo nao wanatakiwa wawe wamefunzwa kazi hiyo. Ontario haikungoja teknolojia mpya. Iliamua tu kwamba jukumu liwe na mwenyewe.

Mzigo mzito nao unahama

Kuhusu mzigo wenyewe, iko imani iliyoenea kwenye maghala na masoko kwamba mzigo mzito haupotezi nafasi yake. Watu hufunga magodoro kwa makini kwa kuwa ni mepesi, halafu huweka mabati au nondo bila mkanda hata mmoja kwa kuwa ni mazito. Imani hiyo imeua watu. Lori likifunga breki ghafla, mzigo huendelea mbele kwa mwendo uleule liliokuwa nao. Kadiri unavyokuwa mzito ndivyo unavyokuja kwa nguvu zaidi dhidi ya kichwa cha gari, ambako dereva na utingo wamekaa.

Kanuni za Ulaya za kufunga mizigo zinataka ufungaji uweze kuhimili nguvu inayolingana na asilimia 80 ya uzito wa mzigo kuelekea mbele, na nusu ya uzito huo kuelekea pembeni na nyuma. Kwa lugha ya sokoni, tani 20 za nondo zinahitaji kushikiliwa dhidi ya msukumo wa tani 16 kwenda mbele na tani 10 kwenda kila upande. Kamba ya nailoni iliyofungwa fundo na kijana wa stendi haiwezi kazi hiyo, hata akiivuta kwa miguu yote miwili. Kazi hiyo inafanywa na mikanda maalumu yenye kikazio, minyororo, ukuta imara wa mbele, na kupanga mzigo usiache mianya.

Kila bidhaa ina hatari yake. Vitunguu vya Mang'ola vinavyokwenda Nairobi kupitia Namanga na viazi vinavyovuka mipaka hupakiwa mara nyingi kwa lumbesa, gunia lililoongezwa kichwa na kushonwa kwa kamba juu. Watu wamezoea kuilaumu lumbesa kwa kumpunja mkulima, na wana haki. Lakini lumbesa ina kosa la pili: umbo lake ni la mviringo, halilali juu ya jingine. Tabaka la tano na la sita la lumbesa hukaa kama mayai juu ya mayai, na kwenye kona ya kwanza kali huanza kuteleza. Mbao za Mafinga huteleza zikiwa mbichi. Mabati yakipata upepo chini yake huruka moja moja, na bati moja linalopeperuka kwenye mwendo wa lori linaweza kumkata mtu. Nondo zinazoning'inia nyuma ya gari bila kitambaa chekundu wala taa ni mikuki kwa dereva anayelifuata usiku.

Kontena lina hatari zake mbili. Ya kwanza ni kufuli za kona. Kontena hukaa kwenye tela kwa kufuli nne, na pale ambapo kufuli zimeharibika au dereva hakuzifunga, kontena linakaa kwa uzito wake tu mpaka litakapokutana na kona au daraja. Ya pili ni kilichomo ndani. Mzigo wa kwenda nje unaosafiri ukiwa na lakiri ya forodha, pamoja na kifaa cha kufuatilia mwendo wake, haufunguliwi na dereva njiani. Kama huko ulikotoka mashine ziliwekwa upande mmoja, au marobota yaliachiwa nafasi kubwa katikati, dereva hatajua mpaka tela lianze kumvuta kwenye kona. Mwongozo wa kimataifa wa kupakia makontena, uliotolewa mwaka 2014 kwa ushirikiano wa mashirika ya IMO, ILO na UNECE, unaeleza jinsi ya kuepuka hali hiyo. Mwagizaji wa Kigali, Bujumbura au Kampala ana haki ya kumtaka muuzaji wake amtumie picha za ndani ya kontena kabla milango haijafungwa. Wachache wanafanya hivyo, na huwa wanafanya kwa hofu ya wizi. Waifanye pia kwa ajili ya usalama.

Nani alifunga?

Mzigo wa tajiri mmoja una mwenyewe. Mzigo wa wafanyabiashara wadogo ni jambo tofauti, na hapa ndipo wasomaji wengi wa gazeti hili walipo. Mtu anayevuka mpaka kwa utaratibu rahisi wa cheti cha uasili, kwa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, hawezi kukodi lori peke yake. Anaungana na wenzake saba au kumi kwenye Fuso moja. Mmoja anapakia mchele, wa pili vitunguu, wa tatu ndoo za plastiki, wa nne anaongezwa njiani. Kila mmoja anasimamia magunia yake yahesabiwe, anamlipa mpakiaji wake, anaondoka. Dereva anadhani wapakiaji wamefunga. Wapakiaji wanadhani utingo atafunga. Utingo anarusha kamba mbili juu, anakaza, gari linaondoka.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwenye Fuso la watu kumi, kila mtu anaiona sehemu ya wenzake kuwa ni usufi, haina uzito, haimhusu. Lakini gari likiinama, haliinami kwa upande wa mchele peke yake.

Juu ya mzigo huo mara nyingi wamekaa watu. Akina mama wengi wa biashara ya mipakani husafiri juu ya magunia yao, kwa sababu nauli ya basi ni kubwa, au kwa sababu hawamwamini dereva na mali yao. Wanajishikilia kwenye kamba zilezile ambazo hakuna aliyezikagua. Kamba ikikatika, anayeanguka kwanza ni mwenye mali. Kumtoza faini mama huyo peke yake hakutamwondoa pale juu. Atashuka kabla ya kizuizi na kupanda baada yake. Atakachokubali ni karatasi inayomtambua dereva kuwa amepokea magunia mangapi, ya nani, katika hali gani, ili yeye apande basi na mali imkute mpakani. Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani vinaweza kuandaa karatasi hiyo bila kungoja serikali yoyote.

Mzigo ukishadondoka

Mzigo uliodondoka unaendelea kuua hata baada ya vumbi kutulia. Ukanda huu una makaburi ya kuthibitisha hilo. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo nchini Kenya. Watu walikimbilia kuchota mafuta, moto ukalipuka, zaidi ya 100 wakafa. Tarehe 2 Julai 2010 ikawa Sange, Kivu Kusini nchini Kongo, ambako zaidi ya watu 230 walipoteza maisha. Tarehe 10 Agosti 2019 ikawa Msamvu, Morogoro, na hapo tena waliokufa walizidi 100. Nchi tatu, barabara tatu zinazobeba bidhaa za Jumuiya, na sababu ya vifo ni ileile: mzigo ulimwagika, watu wakaufuata.

Mafuta yana moto, lakini hata gunia la sukari lina hatari yake. Lori likimwaga mzigo, vijana huingia barabarani kuokota wakati magari mengine yanakuja. Dereva wa nyuma, anapokwepa gunia, anaingia njia ya wengine. Upande wa pili wa Daraja la Rusumo hatari hiyo huongezeka, kwa sababu Rwanda, kama Burundi na Kongo, huendesha kulia. Dereva wa lori lenye usukani wa kulia hawezi kuona vizuri kinachokuja mbele anapotaka kukwepa kitu, mpaka awe ameshatoa nusu ya gari lake.

Na bima je? Wafanyabiashara wengi huona Kadi ya Njano ya COMESA kwenye kioo cha lori, wakatulia. Kadi hiyo ni msaada mkubwa, kwani inatambuliwa ng'ambo ya mpaka na kumlinda mwenye gari dhidi ya madai ya watu wa tatu walioumizwa au kuharibiwa mali. Haifidii mchele uliomwagika. Bima ya mzigo ni mkataba mwingine, unakatwa peke yake, na kampuni ya bima ina kawaida ya kuuliza mzigo ulifungwaje kabla haijalipa. Mfanyabiashara asiyejua tofauti hiyo huijua siku anapodai.

Hofu ya ukaguzi mwingine

Wapo watakaosema kwamba kuongeza ukaguzi ni kuongeza vizuizi, na kila kizuizi barabarani ni mfuko mwingine wa kujazwa. Hoja hiyo haipaswi kudharauliwa. Wafanyabiashara wa ukanda huu wamepigania kwa miaka mingi kupunguzwa kwa vituo vya ukaguzi kati ya bandari na mipaka, na vituo vya huduma kwa pamoja vya Rusumo, Mutukula, Kabanga, Namanga, Busia na Malaba vilijengwa ili gari lisimame mara moja badala ya mbili. Askari akipewa kisingizio kipya cha kusimamisha lori popote na kusema kamba imelegea, wako watakaokitumia vibaya.

Jibu ni kutoongeza kituo hata kimoja. Lori tayari linasimama kwenye mizani. Lori tayari linasimama mpakani kwa saa kadhaa, likisubiri nyaraka. Ukaguzi wa kamba, kufuli za kontena, nati na joto la habu unaweza kufanywa wakati huohuo, kwa orodha moja iliyochapishwa na kuandikwa kwa Kiswahili na lugha nyingine za Jumuiya, huku dereva akishuhudia. Karatasi ikitolewa Nyakahura itambuliwe Kayonza. Ikitolewa Webuye itambuliwe Tororo. Kosa likionekana, dereva apewe eneo la kurekebisha na muda wa kurekebisha kabla ya faini. Na lori lililoamriwa kupanga upya mzigo lisiruhusiwe kuondoka mpaka limefungwa upya na kukaguliwa.

Hili linahitaji kanuni ya pamoja. Kwa sasa kila nchi ina sheria yake ya usalama barabarani: Tanzania ina ile ya mwaka 1973, Kenya ina Sura ya 403, Uganda ina ya mwaka 1998. Msingi wa kuziunganisha upo. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, katika ibara ya 30, unataka mzigo upangwe na ufungwe usihatarishe watu, usiburutike wala kudondoka njiani, na usimzuie dereva kuona. Jumuiya iliyoweza kukubaliana juu ya tani 56 haishindwi kukubaliana juu ya mikanda mingapi na nati ngapi. Bunge la Afrika Mashariki lina uwezo wa kuliweka jambo hili mezani, na wabunge wake hupita kwenye barabara hizohizo.

Kinachoweza kuanza leo

Wenye malori wana wajibu usiongoja bunge. Kila gari liwe na mikanda inayofaa kwa mzigo wake, spana ya magurudumu, na vibao vya pembetatu vinavyong'aa ili matawi yabaki kwenye miti. Liwe na vigingi vyake vya kuzuia magurudumu, na utingo afundishwe kwamba kama alilazimika kutumia jiwe, safari haijaanza tena mpaka jiwe limetolewa barabarani. Dereva asilipwe kwa namna inayomfanya aone kusimama kukagua ni hasara yake.

Mfanyabiashara naye ana nguvu kuliko anavyojidhania, kwa kuwa ndiye anayelipa. Kabla ya kumalizia malipo ya kupakia, azunguke gari. Kamba inayozunguka kidoleni bila kukaza, ikazwe. Tairi lililo kipara, lisikubaliwe. Nati yenye mchirizi wa kutu unaoanzia kwake kwenda pembeni huwa inacheza; dereva aulizwe. Kwenye tairi mbili zilizofuatana, patazamwe kama kuna jiwe lililobanwa katikati, kwani jiwe hilo litarushwa kwenye kioo cha mtu. Wanaoshirikiana gari moja wamchague mmoja wao, safari hii huyu, safari ijayo yule, awe msimamizi wa ufungaji, na jina lake liandikwe kwenye karatasi ya mzigo. Wakubaliane na dereva kituo cha kusimama baada ya kilomita 50 za kwanza, kwani magunia hushuka na kukaa na kamba iliyokuwa imekaza hulegea.

Hatua hizi zinachukua nusu saa katika safari ya siku mbili au tatu. Nusu saa hiyo ina gharama, na kwenye biashara ya faida ndogo kila gharama inauma. Lakini barabara kutoka Dar es Salaam hadi Rusumo ina takriban kilomita 1,300, na kutoka Mombasa hadi Kampala takriban 1,170. Kando ya kilomita zote hizo wanaishi watu ambao hawakuulizwa kama wanakubali hatari ya mali isiyo yao kupita mlangoni kwao.

Mawaziri wa uchukuzi wa Jumuiya watakapokutana tena kujadili mizani, waulizwe swali la pili baada ya lile la uzito. Na lori litakapowasha injini leo usiku kwenye soko lolote la ukanda huu, mmoja wa wenye mali amshike utingo mkono, wazunguke gari pamoja, waguse kila kamba na kila nati kabla halijaondoka.